Gitare ya bei ndogo: namna ya kuichagua bila kudanganyika

Swali hili linarudi mara nyingi kwenye simu ya redio: « Niko na feza kidogo, nataka kuuza gitare, nichague gani juu nisidanganywe? » Wengine ni vijana wanaotaka kujifunza, wengine ni viongozi wa korali wanaotunza mchango wa watu, na kuna wazazi pia. Tuliahidi kulijibu kwa maandishi ili kila mtu aweze kurudi na kusoma tena, hata akiwa tayari sokoni.

Nianze na kosa letu wenyewe. Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilikuwa katika korali ya vijana, Bukavu. Tulichanga feza miezi mingi, kila Jumapili kidogo kidogo, wasichana wakiuzisha mandazi mbele ya kanisa. Zilipofika dola 70 tukatuma watu wawili sokoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kupiga gitare. Walirudi na gitare nyekundu, mpya, inayong'aa, pamoja na mfuko wake. Tulipiga vigelegele.

Msichana mmoja kati yetu, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sisi wote, njo tulimchagua ajifunze. Alihangaika miezi mitatu. Akipiga nyuzi zikiwa wazi, zinaitikiana vizuri. Akipandisha mkono kidogo kwenye shingo ya gitare ashike akordi ingine, inatoka kelele. Vidole vyake vilipasuka. Mwishowe tulimwambia kwamba hana sikio la muziki, na mimi nilikuwa kati ya waliosema vile. Akaacha. Gitare ikatundikwa ukutani kama picha.

Mwaka uliofuata fundi mmoja wa magitare alipita pale, akaishusha, akaomba mita ya seremala. Akapima mara mbili tu. « Hii haiwezi kuimba hata siku moja, » akasema. « Daraja yake ilibandikwa nusu sentimetre karibu kupita pahali pake. Hata Franco angeshindwa. » Tulinyamaza. Wote tulikuwa tunamufikiria mutu mmoja.

Gitare ya bei ndogo si lazima iwe mbaya. Ziko zenye sura mbaya, za zamani, zenye mikwaruzo, na zinaimba vizuri kabisa. Inayoharibu kazi ni gitare inayodanganya sauti, na hiyo unaweza kuijua dukani, mbele ya kutoa feza, hata kama wewe mwenyewe hujui kupiga. Unahitaji mita ya chuma, simu, karatasi moja na dakika kama ishirini.

Kwanza, gitare ya kazi gani?

Sokoni utakuta aina tatu kubwa, na wauzishaji wengine hawazitofautishi.

Ya kwanza ni ya nyuzi za nailoni, watu wanaiita klasiki. Nyuzi tatu nyembamba zinafanana na nailoni ya wavuvi, shingo ni pana, na kwenye daraja nyuzi zinafungwa kwa fundo. Ni laini kwa vidole vya anayeanza. Sauti yake ni ya chini, katika kanisa kubwa inapotea bila mikro.

Ya pili ni ya nyuzi za chuma, wengi wanaiita foliki. Shingo ni nyembamba zaidi, na kwa kawaida kwenye daraja kila uzi unashikwa na kijiti kidogo cha plastiki ao cha mbao. Sauti inatoka kwa nguvu, lakini wiki za kwanza vidole vinauma. Gitare isiyo ya umeme njo ilimtosha Mwenda Jean Bosco kule Katanga. Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi mwaka 1952, na wapiga gitare wa Afrika nzima walimsikiliza mtu mmoja akifanya kazi ya watu wawili kwa vidole tu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba bila ampli hakuna muziki, mwambie akasikilize zile za zamani.

Ya tatu ni ya umeme, ile ya solo, ya akompanyema, na besi. Hapa hesabu inabadilika. Gitare ya umeme bila ampli haisikiki, ampli inahitaji kamba ya jaki, na vyote vinahitaji umeme ao jenereta na esansi. Mtu mwenye feza kidogo anayenunua gitare ya umeme amenunua robo ya chombo. Kama korali iko tayari na ampli na umeme wa uhakika, sawa. Kama hapana, anza na isiyo ya umeme.

Kuna pia ya katikati: gitare ya kawaida yenye mikro ndani na pahali pa betri ya volti 9. Ni nzuri kwa kanisa. Lakini kwa bei ileile, muuzishaji amelipia vyombo vya umeme vilivyo ndani, kwa hiyo mara nyingi mbao ni dhaifu kuliko ya ile isiyo na mikro. Ukiitaka, fungua kisanduku cha betri uangalie kama hakuna kutu ya kijani, kisha omba waichomeke kwenye ampli mbele yako. « Inatumika, ni betri tu njo imekwisha » si jibu. Betri inapatikana kila butike.

Kosa moja linaua magitare mengi huku kwetu: kuweka nyuzi za chuma kwenye gitare ya nailoni. Nyuzi sita za chuma za kawaida zikiakordiwa zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Za nailoni zinavuta karibu 40. Gitare iliyojengwa kwa 40 haiwezi kubeba 70. Daraja inang'oka, uso unavimba, shingo inapinda. Ukikuta sokoni gitare yenye daraja ya kufunga fundo lakini imewekwa nyuzi za chuma, iache hata kama leo inalia vizuri. Vilevile ile ya nyuzi zilizotolewa katika kamba ya frein ya kinga. Najua, wengi tulianza vile. Franco Luambo mwenyewe, wanasimulia, alianza akiwa mtoto na gitare aliyojitengenezea. Kwa kujifunza utotoni ni sawa, lakini chuma ya frein inakula vyuma vya shingo na kuvuta bila kipimo. Usilipie dola kwa ajili yake.

Mita ya seremala

Sasa tuko dukani. Kwanza omba gitare iakordiwe: mi, la, re, sol, si, mi. Usipime gitare iliyolegezwa, juu bila mvuto wa nyuzi shingo haionyeshi tabia yake. Kama muuzishaji hajui kuakorde, simu itasaidia. Kuna programu za bure za kuakorde, pakua moja nyumbani mbele ya kutoka.

Kipimo cha kwanza ni kile kilichotushinda sisi. Kwenye shingo kuna vyuma vidogo vilivyolala kwa kukata shingo, na nafasi kati yavyo wanamuziki wanaita kaze. Hesabu vyuma kuanzia kichwani hadi cha 12. Mara nyingi pale kuna alama mbili. Pima kutoka kwa mfupa wa juu, pale nyuzi zinapoanzia karibu na kichwa, hadi katikati ya chuma cha 12. Andika. Kisha pima kutoka chuma cha 12 hadi mfupa wa chini, ule uliosimama kwenye daraja. Vipimo viwili vinapashwa kuwa karibu sawa, cha pili kikizidi kidogo tu. Klasiki nyingi ziko na urefu wa sentimetre 65 kwa jumla, kwa hiyo utapata 32 na nusu juu, na chini 32 na nusu pamoja na milimetre moja ao mbili. Kwa nyuzi za chuma, kipimo cha chini kinazidi zaidi: milimetre 2 upande wa uzi mwembamba, hadi 4 ao 5 upande wa uzi munene. Njo maana kwenye gitare za chuma mfupa wa chini unawekwa ukiinama kidogo. Si kosa la fundi.

Kama kipimo cha chini ni kifupi kuliko cha juu, ao kinazidi kwa sentimetre nzima, rudisha gitare pale ilipokuwa. Hakuna nyuzi mpya wala mafuta ya kuponya hiyo. Sherti daraja ing'olewe na kubandikwa upya, na kazi hiyo inaweza kupita bei ya gitare yenyewe.

Kipimo kinachofuata ni cha sikio, na kinathibitisha kile cha mita. Gusa uzi juu kabisa ya chuma cha 12, kwa wepesi, bila kuukandamiza. Piga, kisha toa kidole. Itatoka sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa kandamiza uzi uleule katika kaze ya 12 na upige. Sauti mbili zinapashwa kuwa moja. Fanya kwa nyuzi zote sita. Kama sikio lako lina mashaka, simu itakuonyesha kama sindano imehama. Tofauti ndogo sana inavumilika. Kama ya kukandamiza inapanda sana, uliza sababu tatu: nyuzi zimechakaa, nyuzi ziko juu sana, ao daraja iko pahali pabaya. Mbili za kwanza zinatengenezeka, ya tatu umeshaijua kwa mita.

Kadi za sim na jicho la seremala

Umbali wa nyuzi kutoka kwa shingo njo unaamua kama mtoto ataendelea kujifunza ao ataacha. Nyuzi zikiwa juu, inabidi kukandamiza kwa nguvu, vidole vinapasuka, na sauti inapanda. Zikiwa chini kupita kiasi, zinagonga vyuma na kulia zzz.

Kwa kupima hakuna haja ya vyombo vya ulaya. Chukua zile kadi za plastiki ambazo sim inakatwa ndani yake, zimejaa chini barabarani kwa watu wa vitengo. Kadi moja ni nene kidogo kupita robo tatu ya milimetre. Zipange, uzichomeke kati ya chuma cha 12 na uzi munene wa mi. Kwa gitare ya chuma, kadi 3 zikipita na ya 4 ikigusa uzi, uko pazuri. Kwa nailoni ni kawaida kadi 4 hadi 5. Gitare ambayo inameza kadi 7 ni ya kupambia ukuta.

Hata hivyo usiikatae haraka. Kama shingo imenyooka na tatizo ni mfupa wa chini tu kuwa mrefu, fundi anautoa, anausugua upande wa chini kwa papiye veri, anaurudisha. Kwa kushusha nyuzi milimetre 1 pale kwenye chuma cha 12, mfupa unasuguliwa milimetre 2. Kwa hiyo angalia kama mfupa uko na urefu wa kutosha juu ya daraja. Kama umesuguliwa tayari hadi karibu kufunikwa na mbao na nyuzi bado ziko juu, mwenye nayo alishajaribu dawa hiyo na ikashindwa.

Kujua kama shingo imenyooka, fanya sawa seremala anavyoangalia ubao: shika gitare, weka jicho kichwani, tazama kando ya shingo hadi kwenye daraja. Angalia pande zote mbili, juu shingo inaweza pia kujisokota, na shingo iliyojisokota haina fundi huku kwetu. Halafu kandamiza uzi mmoja katika kaze ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoungana na tumbo kwa mkono mwingine. Uzi sasa ni rula. Tazama katikati, kwenye chuma cha 7. Inapashwa kubaki nafasi ndogo, karatasi inapita. Kama uzi unalala kabisa juu ya vyuma, shingo inaenda nyuma. Kama kadi ya sim inapita kwa urahisi, shingo imepinda mbele.

Gitare nyingi za chuma ziko na chuma kirefu ndani ya shingo, kinachozungushwa kwa ufunguo wa pembe sita, na kupinda kidogo kunarekebishwa pale. Tafuta tundu lake kichwani ao ndani ya tumbo. Klasiki za bei ndogo kwa kawaida hazina chuma hicho. Shingo ya klasiki ikipinda, imepinda.

Kisha piga kila noti, uzi kwa uzi, kaze kwa kaze, kuanzia ya kwanza hadi ya 12. Ni kazi ya dakika tano na muuzishaji ataanza kukunja uso. Mwache akunje. Noti moja ikilia zzz ao ikifa haraka, kuna chuma kilichopanda ao kilicholiwa. Moja inarekebishwa. Zikiwa nyingi, acha. Pitisha pia mkono kando ya shingo. Vyuma vikikukwaruza kama msumeno, mbao ya shingo imekauka na kujikusanya. Fundi anaweza kuvisugua, lakini inakupa nafasi ya kushusha bei.

Karatasi tuliyosema uchukue ni ya daraja. Jaribu kuichomeka nyuma yake, pale inapobandikwa juu ya uso. Karatasi ikiingia chini, gundi imeanza kuachia. Angalia uso nyuma ya daraja: kuinuka kidogo ni kawaida, mlima si kawaida. Kwa tochi ya simu angalia ndani ya tumbo, mbavu za mbao zilizobandikwa chini ya uso zisiwe zimefunguka. Gonga uso polepole kwa vidole kila upande. Mbavu iliyoachia inalia kama sahani iliyopasuka. Pale kichwa kinapoungana na shingo, tafuta mstari wa gundi. Kichwa kilichovunjika na kubandikwa vizuri kinaweza kukaa miaka, ila bei haipashwi kuwa ileile.

Mwisho, zungusha funguo zote sita. Ziende polepole bila kuruka. Piga gitare dakika kumi, uangalie kama imebaki katika akordi. Nyuzi mpya zinalegea siku za kwanza, hiyo si kosa. Ufunguo unaorudi wenyewe ni kosa, lakini funguo zinabadilishwa.

Mbao na majina

Muuzishaji atakuambia « ni mbao ya kweli hii. » Angalia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya tabaka tabaka kama keki, ni mbao za kubandika, sawa triplex. Usivunjike moyo. Gitare ya mbao nzima inalia vizuri zaidi, lakini katika bei ndogo mbao za kubandika zilizofanywa vizuri zinavumilia zaidi. Bukavu iko juu, karibu metre 1.500, baridi na mvua mingi. Uvira iko chini kando ya Tanganyika, joto. Gitare inayoshuka Ngomo kutoka Bukavu kwenda Uvira inabadilisha dunia kwa siku moja, na mbao nzima ya bei ndogo hupasuka kwa mambo kama hayo.

Kuhusu majina: jina lililoandikwa kichwani si ushahidi, ni rangi tu. Soma kila herufi, kisha angalia karatasi iliyobandikwa ndani ya tumbo, pale inapoandikwa aina ya gitare. Yamaha C40, ya nailoni, na F310, ya chuma, zote mbili ni za mbao za kubandika usoni, na watu wengi wamejifunzia juu yazo. Ukiipata moja ya okazio ikiwa nzima, ni bahati. Lakini hata ya jina kubwa ipimwe kwa mita. Na isiyo na jina ikipita vipimo vyote, chukua bila haya. Kinshasa, fundi anayejulikana kwa jina la Socklo ametengeneza magitare kwa mikono yake miaka mingi, na wanamuziki wanayatumia. Kama mji wako uko na seremala wa aina hiyo, mwendee na mita yako.

Mpya ao okazio, na feza ya kubakisha

Bei sitaandika, juu kati ya Butembo, Bunia, Goma, Uvira na Kindu inabadilika kwa barabara, kwa mpaka na kwa kiwango cha dola, na nikiandika leo kesho nitakuwa mwongo. Ila njia ya kugawa feza haibadiliki. Tuseme uko na dola 80. Dukani fanya kama uko na 60. Dola 20 zinazobaki ni za nyuzi mpya, za fundi wa kusugua mfupa, na za mfuko mzito. Gitare ya 60 iliyotengenezwa inapita ya 80 iliyotoka dukani vile ilivyo. Hiyo nimeiona mara nyingi sana.

Kwa feza hiyohiyo, okazio nzuri mara nyingi inashinda mpya. Gitare ya miaka kumi ambayo shingo yake haijapinda haina haraka ya kupinda. Mpya bado hujui. Lakini katika majimbo yetu makanisa, mashule na manyumba yameporwa mara nyingi, na vyombo vya muziki vinazunguka. Uliza gitare imetoka wapi. Angalia kama kuna jina ao alama ya parokia iliyokwanguliwa nyuma ya kichwa. Andikeni karatasi ya mauzo: tarehe, bei, majina, sahihi, na shahidi kila upande. Mtu anayekataa kusaini karatasi kwa gitare yake mwenyewe ameshakujibu. Na korali ikikutwa na gitare ya korali ingine, haya yake haiishi mwaka mmoja.

Wengine wanaona picha kwenye WhatsApp na kutuma feza kwa Airtel Money ao M-Pesa ili « kushikilia. » Picha haipimwi kwa mita. Kama gitare iko mji mwingine, tafuta mtu wa huko anayepiga, mlipie usafiri, apime mbele ya feza kutoka. Kuvuka kwenda Bujumbura ao Kampala kwa gitare moja mara nyingi hakulipi, ukihesabu usafiri, kulala na ushuru wa duane. Kama jirani anaenda kwa biashara yake na anajua kupiga, hapo sawa.

Kuhusu mwenye kwenda naye dukani: chukua mpiga gitare, hata wa kiwango cha kawaida, umnunulie Fanta. Mkubaliane mbele kwamba hatasifu kitu chochote mbele ya muuzishaji. Niliwahi kwenda na solisti mmoja, kushika tu gitare akapiga seben ya ajabu, duka likajaa watu, bei ikapanda palepale. Mazungumzo yawe ya taratibu:

« Papa, hii iko bei gani? »

« 75, mwana wangu. Ni mupya kabisa. »

« Nimeona shingo iko sawa, asante. Lakini nyuzi ziko juu, tazama hizi kadi. Na uzi wa re umechakaa. Nitalipa fundi na nyuzi. Nitwale kwa 55. »

« Hapana, utaniua. Leta 65. »

« 60, Papa, na nikikuta kosa mbele ya Jumapili unibadilishie. »

Kasoro uliyoonyesha kwa heshima, kwa kidole juu ya chombo chenyewe, inapunguza bei kuliko maneno « ni ghali. » Na lile sharti la kubadilisha, liandikwe katika karatasi.

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 11 tafuta ndogo, ile wanaita robo tatu. Vipimo ni vilevile, ila sentimetre zinapungua. Chuma cha 12 kinabaki katikati.

Ikifika nyumbani

Mbele ya safari ya moto ao ya mashua, legeza nyuzi kidogo, zunguko moja ao mbili kila ufunguo, na ujaze nguo kati ya kichwa na mfuko. Kichwa njo kinavunjika kwanza.

Katika nyumba ya manjanja isiyo na plafo, usitundike gitare juu karibu na paa. Saa nane mchana pale ni kama tanuru, gundi ya daraja inalegea polepole bila wewe kujua. Iweke chini kwenye ukuta wa ndani, mbali na babula. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, jasho linazila. Nyuzi munene zikikufa sauti na feza hakuna, zitoe, zichemshe maji dakika kumi, zikaushe vizuri, zitarudi kuishi kwa muda mfupi. Za nailoni nyembamba usizichemshe.

Na katika siku zile za kubadilisha, rudia vipimo vyote nyumbani, pasipo muuzishaji, pasipo kelele ya soko. Shingo itakuwa imepumzika. Pima tena chuma cha 12, chomeka tena kadi. Kama kitu kimehama, rudi na karatasi yako mbele ya Jumapili.

Ile gitare yetu nyekundu, kwa wanaouliza, fundi aling'oa daraja na kuibandika pahali pake kwa bei iliyotuuma. Inapigwa hadi leo. Yule msichana, sasa ni mama wa watoto wawili, tulienda kumwomba msamaha sisi wanne. Alicheka, akaomba aione. Akaishika, akapandisha mkono kwenye shingo, pale pale palipokuwa panamshinda, akapiga akordi moja, akasikiliza mpaka ikaisha.

« Basi, » akasema, « munaniachia hii hadi Jumapili? »